Mashine au tumbo: Ni njia ipi ya kusafisha damu humpa mgonjwa wa figo maisha marefu zaidi?

Figo zinaposhindwa kabisa kufanya kazi, mgonjwa hubaki na njia tatu za kuendelea kuishi: kupandikizwa figo ya mtu mwingine, kusafishwa damu kwa mashine, au kusafishwa damu ndani ya tumbo lake mwenyewe. Njia ya kwanza huhitaji mtoaji, na watoaji ni wachache. Kwa wagonjwa walio wengi, hivyo basi, swali linalobaki ni moja: kati ya mashine na tumbo, ni ipi itakayomwezesha mtu kuishi muda mrefu zaidi?

Watafiti wa Marekani, Kanada, Uholanzi na kwingineko wamelichunguza swali hilo kwa zaidi ya miaka 30, na majibu yao ya awali yalipingana. Leo picha imekuwa wazi zaidi. Kwa wastani, njia hizo mbili hukaribiana sana. Tofauti kubwa za uhai hutokana na mambo mengine: jinsi mgonjwa alivyoanza matibabu, jinsi anavyolindwa dhidi ya maambukizo, na iwapo matibabu yanaendelea bila kukatizwa. Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kazi ya figo na maana ya kushindwa

Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa pamoja, figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja au mbili tu, zilizobeba taka, chumvi na maji ya ziada. Figo pia hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na hiyo ndiyo sababu wagonjwa wengi wa figo hupungukiwa damu.

Kisukari na shinikizo la juu la damu ndivyo visababishi vikuu vya figo kuharibika kidogo kidogo. Uharibifu huo mara nyingi hauumi. Mtu anaweza kuendelea na shughuli zake kwa miaka mingi bila kujua kwamba uwezo wa figo zake unapungua. Madaktari husema figo zimeshindwa pale kiwango cha uchujaji kinaposhuka chini ya mililita 15 kwa dakika, ilhali kwa kijana mwenye afya kiwango hicho hufikia 100 au zaidi. Hapo miguu na uso huvimba, pumzi hubana, chakula hukosa ladha, na madini ya potasiamu yanaweza kurundikana katika damu hadi kuusimamisha moyo. Bila tiba, mgonjwa aliyefika hatua ya mwisho huishi siku au wiki chache tu mkojo unapokatika kabisa.

Njia mbili, kanuni moja

Usafishaji damu, ambao kitaalamu huitwa dialisisi, hutegemea kanuni moja: taka zilizo nyingi upande mmoja wa utando mwembamba hupenya kwenda upande wa pili zilikopungua. Njia hizo mbili hutofautiana katika aina ya utando.

Katika dialisisi ya mashine, damu hutolewa mwilini, hupitishwa katika kichujio kilichotengenezwa kiwandani, kisha hurudishwa. Katika nchi tajiri utaratibu wa kawaida ni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Kipindi kimoja cha saa nne hutumia takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu, umeme usiokatika na wauguzi waliofunzwa. Ili damu itoke kwa kasi inayotakiwa, panahitajika mlango wa damu. Ulio bora ni fistula, yaani mahali ambapo daktari wa upasuaji ameunganisha mshipa wa ateri na mshipa wa vena mkononi. Fistula huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kukomaa. Mgonjwa aliyefika hospitali kwa dharura huwekewa mpira, yaani katheta, katika mshipa mkubwa, mara nyingi shingoni.

Katika dialisisi ya tumbo, utando unaotumika ni ule ambao Mungu alimwumba nao binadamu: ngozi laini inayozunguka matumbo. Mpira mwembamba huwekwa kwa upasuaji mdogo chini ya kitovu na kubaki hapo. Maji maalumu yenye sukari, kwa kawaida lita mbili, huingizwa tumboni na kuachwa saa nne hadi sita. Taka na maji ya ziada huvutwa kutoka katika mishipa midogo ya utando, kisha maji yale humwagwa na mengine mapya huingizwa. Mgonjwa hubadilisha maji mwenyewe nyumbani, kwa kawaida mara nne kwa siku, na kila mara humchukua nusu saa au zaidi kidogo. Wapo pia wanaotumia mashine ndogo inayofanya kazi hiyo usiku wakiwa wamelala.

Ilikotoka tiba hii

Mashine ya kwanza iliyofaa kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Kijerumani. Wagonjwa wake wa mwanzo walifariki. Mwaka 1945 mwanamke mmoja aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka baada ya kusafishwa damu, na figo zake zikarudi kufanya kazi.

Hata hivyo, kwa miaka 15 iliyofuata mashine iliweza kuwasaidia tu wale ambao figo zao zingepona zenyewe, kwa sababu kila kipindi kiliharibu mishipa ya damu. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mpira wa kudumu uliounganisha mishipa ya mkono. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Fistula inayotumika hadi leo ilielezwa mwaka 1966. Kwa upande wa tumbo, daktari Henry Tenckhoff alitoa mwaka 1968 muundo wa mpira ambao bado unabeba jina lake, na katikati ya miaka ya 1970 Robert Popovich na Jack Moncrief wa Texas walibuni utaratibu wa kubadilisha maji mchana kutwa bila mashine. Kwa hiyo, kufikia miaka ya 1980, nchi nyingi zilikuwa na njia mbili kamili, na swali la ipi ni bora likawa haliepukiki.

Takwimu zilizopingana

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo yaliyowashtua wengi. Kwa kutumia rejista ya taifa ya wagonjwa wa miaka ya 1987 hadi 1989, walikuta kwamba hatari ya kufa kwa waliotumia dialisisi ya tumbo ilikuwa juu kwa asilimia 19 ikilinganishwa na waliotumia mashine. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Kanada walitoa hesabu yao. Walifuatilia wagonjwa 11,970 walioanza matibabu kati ya mwaka 1990 na 1994, na kwao hatari ya kufa upande wa tumbo ilikuwa chini kwa asilimia 27.

Ingewezekanaje nchi mbili zinazopakana zipate majibu yanayokinzana namna hiyo? Sehemu ya jibu imo katika namna ya kuhesabu. Utafiti wa Marekani ulijumuisha watu ambao tayari walikuwa wamekaa katika matibabu kwa muda. Ule wa Kanada uliwahesabu wote tangu siku za mwanzo. Njia ambayo faida yake iko mwanzoni itaonekana dhaifu ikiwa hesabu itaanza baadaye, na njia yenye vifo vingi mwanzoni itaonekana imara ikiwa wale waliokufa mapema hawamo katika orodha.

Sababu nyingine ni kwamba wagonjwa wenyewe hawafanani. Anayechagua kujitibu nyumbani mara nyingi ni kijana zaidi, ana nguvu za kujihudumia, na alimwona daktari wa figo mapema. Anayeletwa usiku kwa gari la wagonjwa, akiwa hoi, karibu kila mara huanzia kwenye mashine. Kulinganisha makundi hayo mawili bila kuzingatia tofauti hiyo ni sawa na kulinganisha mavuno ya mashamba mawili bila kuuliza lipi lilipandwa mapema.

Kura ya bahati iliyokataliwa

Katika utafiti wa tiba, njia ya kuondoa upendeleo wa namna hiyo ni kuwagawa wagonjwa kwa kura ya bahati, ili asiwepo daktari wala mgonjwa anayechagua kundi. Watafiti wa Uholanzi walijaribu kufanya hivyo katika vituo 38 vya dialisisi. Walipata wagonjwa 773 ambao hawakuwa na kizuizi chochote cha kutumia njia yoyote kati ya hizo mbili. Baada ya kuelezwa, wagonjwa 38 tu ndio waliokubali kupangwa kwa kura: 18 wakaenda kwenye mashine na 20 kwenye tumbo. Wengine wote walikuwa wameshaamua wanachokitaka.

Utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalitokana na watu wachache mno kuweza kumaliza ubishi. Hata hivyo ulifundisha jambo muhimu. Mgonjwa anayetakiwa kuchagua kati ya safari tatu za hospitali kila wiki na mabadilisho manne ya maji kila siku nyumbani haoni kwamba ni mambo yanayoweza kuachiwa bahati. Ni maisha yake yote yanayopangwa upya.

Hesabu ya watu zaidi ya 684,000

Kwa kuwa kura ilishindikana, watafiti walirudi kwenye rejista kubwa, safari hii wakiwa na mbinu bora zaidi za kusawazisha tofauti za umri, kisukari na magonjwa mengine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliangalia wagonjwa 684,426 walioanza dialisisi kati ya mwaka 1996 na 2004. Katika kundi la miaka ya mwisho, yaani 2002 hadi 2004, makadirio ya waliokuwa hai baada ya miaka mitano yalikuwa asilimia 35 kwa mashine na asilimia 33 kwa tumbo. Kitakwimu, tofauti hiyo haikuwa na maana.

Hesabu hiyo ilionyesha pia kwamba matokeo ya dialisisi ya tumbo yalikuwa yameboreka kwa kasi zaidi kuliko yale ya mashine katika kipindi hicho. Ndani ya wastani huo kulikuwa na makundi. Vijana wasio na kisukari wala magonjwa mengine walielekea kufanya vizuri zaidi kwa njia ya tumbo. Wazee wenye kisukari na maradhi ya ziada walielekea kufanya vizuri zaidi kwa mashine.

Takwimu hizo hubeba pia onyo ambalo halipaswi kufichwa. Hata katika nchi tajiri, na kwa njia yoyote ile, takriban theluthi moja tu ya walioanza dialisisi walikuwa hai baada ya miaka mitano. Dialisisi huokoa maisha, lakini haiwi figo kamili. Kupandikizwa figo, kwa anayeweza, ndiyo tiba yenye matokeo bora: utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba vifo vya muda mrefu kwa waliopandikizwa vilikuwa chini kwa asilimia 48 hadi 82 vikilinganishwa na vya waliobaki kwenye orodha ya kusubiri.

Mlango wa damu ndio uliofumbua fumbo

Mwaka huohuo wa 2011, watafiti wa Kanada waliuliza swali kwa namna nyingine. Badala ya kulinganisha mashine na tumbo tu, waliwagawa wagonjwa wa mashine katika makundi mawili kwa kufuata mlango wa damu waliouanzia. Walitumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 38,000 walioanza matibabu kati ya mwaka 2001 na 2008.

Vifo vya mwaka wa kwanza miongoni mwa wagonjwa 6,663 walioanza mashine kwa fistula, au kwa mshipa bandia, vilikaribiana na vya wagonjwa 7,412 wa dialisisi ya tumbo. Lakini kwa wagonjwa 24,437 walioanza mashine kwa mpira, hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 80.

Hapo ndipo sehemu kubwa ya ubishi wa miaka mingi ilipopata maelezo. Mpira wa shingoni ni njia ambayo vijidudu huweza kuifuata hadi ndani ya damu. Zaidi ya hayo, walioanza kwa mpira mara nyingi ndio waliochelewa kufika kwa daktari wa figo, wakiwa tayari wamedhoofika, kwa hiyo si vifo vyote vinavyoweza kulaumiwa mpira wenyewe. Utafiti mwingine wa jimbo la Ontario, uliochapishwa pia mwaka 2011, uliwachukua tu wagonjwa walioanza dialisisi kwa mpango baada ya kuhudumiwa na daktari wa figo kwa miezi kadhaa. Miongoni mwao, tofauti ya uhai kati ya mashine na tumbo haikuonekana.

Thamani ya mkojo uliobaki

Faida ya dialisisi ya tumbo katika mwaka wa kwanza au wa pili huhusishwa na jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: figo zilizoshindwa huwa hazijafa zote kwa pamoja. Uchujaji mdogo uliobaki, unaoonekana kama mkojo, una thamani kubwa. Uchambuzi wa wagonjwa wa dialisisi ya tumbo nchini Kanada na Marekani, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba kila mililita 250 za mkojo kwa siku ziliambatana na kupungua kwa hatari ya kufa kwa asilimia 36. Dialisisi ya tumbo, kwa kuwa huondoa maji polepole mchana na usiku, huelekea kuuhifadhi mkojo huo kwa muda mrefu kuliko mashine, ambayo huondoa maji mengi kwa saa chache.

Faida hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Mkojo hukauka, na utando wa tumbo huchoka kutokana na sukari na maambukizo. Uambukizo wa utando huo ndio adui mkubwa wa njia hii. Dalili zake ni maumivu ya tumbo na maji yanayotoka yakiwa na ukungu badala ya kuwa maangavu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inavitaka vituo visizidishe wastani wa matukio 0.4 kwa kila mgonjwa kwa mwaka, yaani chini ya tukio moja katika miaka miwili na nusu. Wagonjwa wengi huhamia kwenye mashine baada ya miaka kadhaa. Madaktari hawalioni hilo kuwa ni kushindwa kwa tiba, bali ni hatua ya pili ya safari ileile.

Hatari ya siku za pengo

Mashine nayo ina udhaifu wake. Kati ya kipindi kimoja na kingine, maji na potasiamu hujikusanya. Mgonjwa anayekwenda mara tatu kwa wiki huwa na pengo moja la siku mbili, kwa kawaida mwishoni mwa wiki. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 32,065, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba vifo katika siku inayofuata pengo hilo vilikuwa 22.1 kwa kila watu 100 kwa mwaka, ilhali siku nyingine vilikuwa 18.0.

Matokeo hayo yanagusa moja kwa moja hali ya Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na wengine mara moja, kwa kadiri fedha inavyoruhusu. Kwao, pengo refu ndiyo kawaida. Mgonjwa ambaye bado anatoa mkojo wa kutosha anaweza kuvumilia mara mbili kwa wiki kwa muda fulani chini ya uangalizi. Asiyetoa mkojo hulazimika kujibana sana katika maji anayokunywa, na katika vyakula vyenye potasiamu nyingi kama ndizi, parachichi na maharage.

Hali ilivyo katika nchi jirani

Miaka kumi iliyopita imebadilisha mengi katika ukanda huu. Nchini Kenya, mpango wa serikali wa kukodi vifaa vya tiba ulioanza mwaka 2015 ulizifikisha mashine za dialisisi katika hospitali nyingi za kaunti, na mfuko wa bima ya afya ya taifa, NHIF, ulianza kulipia vipindi viwili kwa wiki. Oktoba 2024 mfuko huo ulipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Rwanda ilianza upandikizaji katika Hospitali ya King Faisal mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huohuo Hospitali ya Mulago ya Uganda ikafanya upandikizaji wake wa kwanza.

Pamoja na hatua hizo, pengo bado ni pana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2010 watu wapatao milioni 2.6 duniani walikuwa wakipata dialisisi au figo ya kupandikizwa, na kwamba watu wasiopungua milioni 2.28 huenda walikufa kwa kukosa tiba hiyo. Asia na Afrika ndizo zilizobeba mzigo mkubwa. Mwaka 2017, mapitio ya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara yalihitimisha kwamba wagonjwa wengi wanaoanza dialisisi katika eneo hilo huiacha na kufariki, na sababu kuu ni gharama.

Hapa ndipo mjadala wa mashine au tumbo unapobadilika sura. Hakuna maana ya kujadili tofauti ya asilimia mbili baada ya miaka mitano kwa mgonjwa ambaye fedha zitamwishia katika mwezi wa tatu. Familia huuza ng'ombe, kisha shamba, kisha huanza kuruka vipindi. Nauli na malazi karibu na hospitali huzidisha mzigo huo, hata pale bima inapolipia matibabu yenyewe.

Kwa nini dialisisi ya tumbo haijaenea

Kwa kuitazama juu juu, dialisisi ya tumbo ingefaa sana vijijini. Haihitaji umeme mwingi wala mtambo wa kusafisha maji, na mgonjwa haendi hospitali kila baada ya siku mbili. Kikwazo kikuu ni maji yenyewe. Mabadilisho manne ya lita mbili kila siku ni mifuko 120 kwa mwezi, yenye uzito wa takriban kilo 240. Mifuko hiyo kwa kiasi kikubwa huagizwa kutoka nje, husafirishwa kwa gharama kubwa, na huhitaji pahali pakavu na safi pa kuihifadhi. Shehena ikichelewa bandarini, mgonjwa hana mbadala. Tena, wauguzi waliofunzwa kuwafundisha wagonjwa ni wachache, na bila mafunzo ya usafi wa mikono hatari ya uambukizo huwa kubwa.

Mifano ipo inayoonyesha kwamba vikwazo hivyo vinaweza kupunguzwa. Hong Kong imekuwa na sera ya kuanza na tumbo tangu mwaka 1985. Thailand ilifuata mwaka 2008 ilipoamua kulipia tiba hiyo kupitia bima ya wote, kisha mwaka 2022 ikawaruhusu wagonjwa kuchagua. Nchini Afrika Kusini, kituo cha Polokwane katika jimbo la Limpopo, kinachohudumia watu wengi wa vijijini na wenye kipato kidogo, kilionyesha katika ripoti ya mwaka 2014 kwamba dialisisi ya tumbo inaweza kuendeshwa kwa matokeo mazuri katika mazingira ya aina hiyo. Karibu zaidi na nyumbani, Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, imeitumia njia hii kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa ghafla, wakiwemo watoto, na ambao wengi wao figo hupona baada ya siku au wiki chache.

Maana yake kwa mgonjwa na familia

Kutokana na yote hayo, wataalamu wa figo hawashauri tena kwamba njia moja ni ya wote. Aliye mbali na hospitali, mwenye nyumba safi na msaidizi, na ambaye bado anatoa mkojo, anaweza kufaidika kwa kuanza na tumbo, iwapo ugavi wa maji ni wa uhakika. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, au asiye na mtu wa kumsaidia huku macho au mikono ikiwa dhaifu, huenda akafaa zaidi kwa mashine.

Lakini jambo ambalo tafiti zimelionyesha kwa uthabiti zaidi huanza kabla ya uchaguzi huo. Anayegundulika mapema hupata muda wa kutengenezewa fistula au kufunzwa dialisisi ya tumbo, na huepuka kuanza kwa mpira wa dharura. Kipimo cha damu cha kreatinini na kipimo cha protini katika mkojo hufanyika katika maabara nyingi za wilaya. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anashauriwa kuvifanya angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hajisikii vibaya.

Kwa aliyekwisha kuambiwa kwamba figo zake zinakaribia kushindwa, maswali ya kumwuliza daktari ni manne: ni lini fistula inapaswa kutengenezwa, je, dialisisi ya tumbo inapatikana na maji yake hayakatiki, bima italipia vipindi vingapi kwa wiki na kwa muda gani, na je, yupo ndugu anayeweza kupimwa ili atoe figo. Majibu ya maswali hayo, yakipatikana miezi kadhaa kabla ya siku ya kwanza ya dialisisi, yana nafasi kubwa ya kurefusha uhai kuliko uchaguzi kati ya mashine na tumbo.